Kilo Tatu

Fidia ya kidole ilikuja Ijumaa,
imo ndani ya bahasha ya kaki, noti zimebanwa kwa raba.
Kidole chenyewe kilibaki kwenye korona;
mashine ya mkonge haina adabu ya kurudisha.
Mimi nikasema, bati. Jikoni panavuja tangu masika ya juzi.
Semkuya akasema, bunduki.
Nguruwe wametuvunia mahindi misimu miwili,
sasa wanakuja na wajukuu.

Miezi saba ya kibali:
mtendaji, polisi, picha nne ndogo,
kisha alama za vidole. Karani akahesabu,
akahesabu tena.
"Mzee, mbona tisa?"

Ikaja ya mkono wa pili, kutoka kwa mjane mmoja wa Muheza,
ndefu, nyeusi, inanuka kabati la watu wengine.
Tangu siku hiyo nikawa mgeni kwangu.
Kitako kilikuwa cha mtu wa mikono mirefu,
akakitoa, akachonga kingine cha mninga,
akakipiga msasa siku tatu,
akakipaka mafuta hadi kikawa shavu la mwali.
Mkanda wa ngozi. Vifungo vya shaba.
Akataka na darubini;
nikamwonyesha sufuria iliyokinga tone.
Darubini ikasubiri.

Kilichobaki ni kifyatulio.
Kidole cha shahada ndicho kilichokwenda na korona,
na hiki cha kati hakijafundishwa kazi:
kinavuta, kinatetemeka, mtutu unapepesuka,
risasi inakwenda zake Korogwe.

Akapanda basi hadi Ngamiani, Barabara ya Saba,
kwa fundi Taherali,
ambaye leseni yake imetundikwa ukutani
kati ya saa mbili zisizokwenda.
Akarudi anacheka peke yake.
"Ilikuwa inavutwa kwa kilo tatu," akasema,
"sasa haifiki hata moja. Ukiigusa tu, imekubali."

Mimi kilo naijua kwa sukari.
Nikatia pakiti tatu kwenye mfuko, nikauinua kwa kidole,
mshikio ukanikata nyama.
Nikabakiza moja. Hata sikuusikia.
Nikamwambia, baba, kwa kilo tatu
mtu huimaliza bismillahi.
Akasema ufundi huu siujui.

Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu.
Mlio mmoja, kisha mbwa wa kijiji kizima, kisha kimya.
Nilimkuta amesimama, bunduki ameilaza kwenye tuta
kama mtu aliyempakata mtoto asiye wake, akamtua haraka.
Mbele yake, katikati ya mahindi,
kinyago cha kutishia nyani,
nilichokivika mimi, kwa mikono yangu,
gauni langu la maua, lile la arusi ya dada yake.
Tundu moja. Upande wa kushoto.

"Nilidhani..." akasema.
Akameza mate.
"Sikudhani. Kidole kilitangulia."

Alfajiri alipanda basi lilelile, chai hakuigusa.
Nasikia Taherali alivua miwani:
"Miaka thelathini watu wananijia nipunguze.
Wewe wa kwanza kutaka niongeze."
Hakumtoza. Alimpa na kahawa.

Sasa ni kilo mbili na nusu.
Risasi zimo kwenye kopo la maziwa, kabatini mwangu,
ufunguo ninao mimi kwenye pindo la khanga.
Jioni hukaa kibarazani na bunduki tupu,
anakifundisha kidole cha kati:
vuta. Polepole. Vuta.
Midomo inacheza. Simuulizi.

Nguruwe mmoja kapatikana,
watu wa kanisani wakamnunua mzima mzima,
na hilo ndilo bati la kwanza.
La pili bado, kwa hiyo sufuria iko palepale.

Gauni nimelifua, nimekirudishia kinyago.
Tundu sikulishona.
Naye kila akienda shambani
hupitia kwanza pale, hulitazama,
ndipo anashika njia ya mahindi.