Mvua ya Japani

Kiingilio kilikuwa shilingi mia,
ndoo ya maji mia mbili.
Ndiyo hesabu niliyozaliwa nayo Newala, juu huku,
ambako kisima kiko bondeni na kurudi ni kupanda.
Nilitumwa maji. Nikapitia bandani kwa Mfaume Nangumbi,
nikapindua ndoo, nikaikalia.

Ukuta wa magunia ya korosho yaliyofumuliwa,
runinga ya kichogo, jenereta nyuma ikikohoa,
na Nangumbi na kipaza sauti chake, anatafsiri.
Kijapani hakukijua hata cha kuombea chumvi.
Alitazama midomo, akasubiri, akamimina maneno
kama mtu atiaye mafuta chupani bila faneli.

Samurai akatokea. Kofia ya majani, upanga kiunoni,
na mvua.
Siku zote mvua. Sijapata kuona samurai akifa juani.
Wawili wamesimama, wanatazamana,
maji yanawachuruzika puani, kidevuni, kwenye ncha ya chuma,
hakuna anayepepesa.
Nangumbi kanyamaza. Banda limenyamaza.
Hata jenereta, ningeapa.
Ndipo Bi Somoe, muuza bisi, kutoka mlangoni:
"Mvua yote hiyo, na hakuna aliyetega ndoo!"

Tulicheka hadi upanga ukapita hatukuuona.
Mmoja alikuwa bado wima, hajajua kwamba amekufa.
Hatua moja. Ya pili.
Kisha damu ikaruka kama bomba lililopasuka,
na sisi mabomba tuliyajua kwa kupasuka tu.

Walikufa vizuri wale watu, lazima nikiri.
Waliinama kwanza, kama wanaoamkia wakwe.
Mmoja alipiga magoti kwenye mkeka mweupe
akalifungua tumbo lake kwa mkono wake,
na Nangumbi, asiyeshindwa na lolote, akashindwa.
"Aibu," alisema mwishowe. "Anaona aibu."
"Kafanya nini?"
"Bwana wake ndiye kafanya."
Dereva wa trekta la ushirika,
msimu wa pili huo hajaona mshahara,
akaguna gizani:
"Basi afungue la bwana."

Lakini nilitaka kusema jambo jingine.
Nyuma ya mapanga, pembeni kabisa mwa kioo,
mwanamke alipita na mti begani,
ndoo mbili za mbao zinaning'inia.
Kamera haikumtazama. Alipita upesi,
kama mpangaji anayekwepa ugomvi wa wenye nyumba.
Nangumbi akamwona. Akaipandisha sauti, akaibana puani:
"Mwapigania njiani! Wenzenu tunafuata medi!"
Medi. Maji ya kwetu, Kimakonde, katikati ya Japani.
Banda nusura lianguke.
Akampa na jina: Binti Namtuka.

Tangu hapo, kila sidii mpya, tulimtafuta.
Mara anaezeka paa, mara anaokota kuni,
mara ni mgongo tu, unakimbia farasi.
Wavulana walipigana nje kwa vijiti vya mihogo,
wote samurai, hakuna aliyekubali kufa.
Mimi nilipita katikati na ndoo kichwani
na majeshi yote mawili yakasimama kunipisha.
Aliyebisha alikula mchanga.

Leo niko Mtwara mjini, simu mkononi,
na nimeipata picha ile ile, tafsiri sahihi chini,
maneno meupe, kila nukta mahali pake.
Kumbe yule wa mkekani hakusema aibu hata mara moja.
Nikangoja. Mvua. Wawili. Kimya.
Akapita, mti begani.
Chini hapakuandikwa kitu.
Nikarudisha nyuma mara tatu, nimekaa kitandani,
nikasema mwenyewe, nimeibana pua,
mtoto wa jirani akacheka ukutani.

Siku ile nilirudi nyumbani magharibi, ndoo kavu.
Mama akauliza maji yako wapi.
Nikamwambia: nimeyaona.