Bi Huenda

Pua ndiyo iliyotangulia kuondoka.
Mama alikaanga sambaza, nusu ya Kadutu ikameza mate,
na baba, amekaa hapo hapo jikoni,
akauliza: Leo hamjapika?
Tulicheka. Birindwa na mizaha yake.

Kisha mwandiko. Kwenye kaye ya madeni ya butiki
jina la mama Cibalonza lilianza nene, limejinyoosha;
mwaka uliofuata likawa punje za mtama,
na ukurasa wa mwisho, sisimizi,
safu ya sisimizi wanaoondoka.

Kidole gumba na cha shahada vikaanza kuviringisha
kidonge kisichokuwepo.

Munganga hakuanza na mkono. Aliuliza:
Umelima wapi? Umepulizia nini? Mlikunywa maji gani?
Baba akataja Kabare, miaka kumi na minane
katika kabichi na viazi vya watu,
pampu ya buluu mgongoni, ikivuja hadi kiunoni,
dawa ikikorogwa kwa mkono fimbo ikikosekana.
Na bidoni tupu (hapa sauti ilishuka)
tulizisuuza, tukatekea maji.

Munganga hakusema: ndiyo hiyo.
Alisema: huenda.
Kuna waliopulizia zaidi yako na mikono imetulia;
kuna wasiojua hata harufu ya dawa, na wanatetemeka.
Huenda.
Tuliteremka kilima na neno hilo,
zito kuliko pampu.

Sasa shamba ni langu.
Kila bidoni ikiisha naitoboa msumari kitakoni,
isije ikajifanya mtungi.
Ndugu yangu Mushagalusa akipulizia, napayuka toka mpakani:
Glovu! Upepo unakugeukia!
Oga kwanza, ndipo umbebe mtoto!
Ananiita Bi Huenda.
Naitika.

Na mlima naupanda kwa miguu,
pikipiki zikinipigia honi, hazinielewi,
moyo ukigonga mbavu kama mgeni mwenye haraka.
Wanasema miguu inayotoka jasho huchelewesha mengi.
Hata baba namtoa nje kila asubuhi:
mguu wake unaganda mlangoni,
nachora mstari wa chaki chini, anauvuka.
Mstari mwingine. Anauvuka.

Wanasema na kahawa, labda.
Sisi! Tuliochuma kahawa tangu utotoni,
tukaiuza yote, tukarudi nyumbani kunywa chai.
Siku hizi nabakiza mikono miwili ya punje,
nakaanga mwenyewe.

Kabla ya yote nanusa sabuni.
Naandika jina langu kwenye kaye, Nsimire,
nalipima na la jana.
Bado pana.
Kisha natwanga kahawa, na kutoka chumbani
sauti iliyopungua kama mwandiko wake:
Inanukia?
Inanukia, baba.
Anakaa kimya kidogo.
Basi nieleze.