Sukari Iwekwe Nje

Jumapili saa tatu usiku Kipawa nzima ilikuwa sebuleni kwetu,
nasi tulikuwa sebuleni kwa jirani, tunajitazama:
king'amuzi chetu hakijalipiwa.

Baba alitia saini peke yake.
Mama zangu watatu walionyeshwa tu mahali pa kubania kipaza sauti,
chini ya kanga, karibu na moyo.
"Kisigongane na mkufu," akasema kijana wa mitambo,
na Bi Siwatu akavua mkufu wa mahari yake
akampa mama yangu amshikie.
Hilo halikurekodiwa. Taa zilikuwa bado.

Walichofuata ni ugomvi.
Siku ya nne wakaupata: pilau imeungua,
nani kaiunguza, kwenye zamu ya nani.
Ugomvi wa dakika mbili, wa kuisha kwa chai.
"Rudieni," akasema mwongozaji, "ndege imepita."
Wakarudia. Ndege ikapita tena.
Mara ya tatu Bi Tausi akasema neno
ambalo mara ya kwanza halikuwemo,
na ndilo lililobaki.

Nilikuwa na miaka tisa. Naitwa Sikudhani,
wao chini ya picha waliandika: Mtoto wa Mke wa Pili.
Miezi yote sita nililia mara moja,
kifaranga changu kilipokanyagwa na gari la jenereta.
Chozi lile wakalikata, wakaliweka akiba,
wakalitoa wiki ya kumi na moja
baba alipomvusha mlangoni bibi harusi.
Nchi ikanihurumia.
Mwalimu wa hesabu akanipa mia mbili;
nikapokea, nikanunua maandazi.

Usiku wa kipindi kile, bibi harusi mwenyewe, Havintishi,
miaka ishirini na mbili, hina haijafutika,
akaja ukingoni mwa kitanda changu:
"Nisamehe kwa kukuliza."
Sikumtajia kifaranga.
Alikuwa amekwisha kuninunulia pipi.

Kipindi kilikufa, kama vinavyokufa vipindi.
Baba akafuata miaka mingi baadaye,
bila mtu wa kumwambia arudie.
Kariakoo bado nashikwa mkono:
"We si yule aliyelia?"
Ndiye, nasema. Hushusha bei kidogo.

Nyumba imebaki na wajane wanne na ufa mmoja ukutani.
Lile neno la Bi Tausi bado lipo,
wamelizoea kama ngazi mbovu, kila mtu anajua pa kukanyaga.
Kipaza sauti kimoja kilisahauliwa;
Bi Tausi hubania mfuko wa sukari.
Betri ilikufa zamani, tunajua sote,
lakini mama akitaka kusema la moyoni,
au Havintishi akitaka kumsema marehemu,
kwanza hutazama mezani, kisha hutazamana,
na mmoja wao huinuka, polepole, magoti yakilalamika,
akaipeleka sukari nje.