Toleo la Tisa

Nilimzaa kwa penseli, mwaka ule umeme ulipokuwa mgeni Katuba:
Mtu-Moshi, aliyeshuka kutoka bomba refu la Lubumbashi,
asiye na uso, mwenye koti la baba yangu la kiwandani,
anayepenya chini ya mlango uliofungwa kwa komeo
na kumkuta mwizi anahesabu.

Mama Feza alitoa kopi, kurasa kumi na mbili,
pini mbili mgongoni, faranga mia tano.
Toleo la kwanza Mtu-Moshi alimrudishia mjane mbuzi wake.
Zilirudi arobaini, hazijauzwa.
Toleo la tano alimvunja mtu vidole.
Nilivichora kimoja kimoja, kila kidole na chumba chake,
na mlio wake kwa herufi nene: KA! KA!
Ziliisha kabla ya misa ya pili.
Nami nikajifunza kuchonga penseli
upande unaolipa.

La nane: wezi wa nyaya.
Nilimsimamisha juu ya transfoma,
na chini yake mtu anawaka.
Ndani ya kiputo niliandika: "Moto hauulizi jina."
Niliyaona maneno mazuri.
Niliyasoma kwa sauti, peke yangu, mara mbili.

Jumanne walimshika Kisimba, avenyu ya pili,
mita tisa za waya zimezungushwa kiunoni, chini ya shati.
Sisemi hakuiba. Aliiba.
Usiku ule zahanati ilikaa gizani,
na mtoto wa Odia, wa siku mbili, akaacha kupumua
mkunga akipapasa kutafuta kiberiti.
Hayo yote ni kweli, na yanataka kukaa chumba kimoja.

Tairi lililetwa.
Aliyemvisha alikuwa amejipaka masizi usoni,
na vijana wakatamka pamoja, kama katekisimu,
maneno yangu ya kiputo.
Mfuko wake wa nyuma haukuungua.
Humo walikuta toleo la nane, limekunjwa mara nne.
Alinunua kwa mkopo. Nilikuwa namdai mia mbili.

Nimefuta, nimefuta, hadi karatasi imetoboka
pale ambapo uso ungekaa.
Tunduni naona meza.

Jana Odia alibisha hodi. Hakulia.
Alibeba unga wa mahindi
ndani ya kishuka cha njano, kidogo, cha mtoto.
"Mpelekee yule mtu wako," alisema. "Mwambie asante."
Nilitaka kumwambia hayupo, ni wino tu, ni mimi.
Nikasema: "Nitamwambia."

Tulisonga bwali. Wanangu walikula.
Nami nilikula.

Asubuhi hii watoto wa mtaa wamejazana dirishani,
wananionyesha noti zao zilizochakaa:
"Papa Mwansa, la tisa litatoka lini?"

Chumba cha kwanza nimeshakichora.
Mlango, umefungwa kwa komeo.
Chini yake moshi unaingia.
Ndani nimeketi mimi,
ninahesabu.