Fundo la Kondo

Kwanza tazama juu, alisema Sikudhani,
kabla hujagusa kamba yoyote, tazama juu.
Tukatazama. Waya wa umeme wa duka la barafu
umekatiza uwanja, umelegea katikati
kama tumbo la mtu aliyeshiba.
Tukaisukuma mashua hatua kumi na mbili kuelekea majini
juu ya magogo ya mnazi, Pazi akihesabu kwa sauti,
akikosea baada ya nane.

Msasani, Jumamosi, saa mbili asubuhi.
Maji yamekupwa hadi kwenye mwani,
upepo haujaamka. Siku nzuri kwa kazi hii
ni ile isiyofaa kwa safari.

Mashua yenyewe ndogo, inakaa watu watatu,
na wa nne kama hapendi kujinyoosha.
Ubavuni imeandikwa KESHO NALIPA.
Rangi aliipaka Kondo, deni aliliacha Kondo,
na mlingoti huu, unaolia mwezi wa saba sasa
kila tanga likipanda,
ni yeye aliyeusimamisha.

Sikudhani anachomelea mageti kule Mwananyamala.
Alikuja na kamba yake, ya manjano, bado inanuka duka.
Ya kwetu aliipinda kidoleni ikatoa unga.
"Hii ya kuanikia nguo. Tena nguo za mtoto."

Pazi akapanda mabegani mwake, akaifunga ile mpya
juu kabisa alipofika mkono.
Mimi nikapewa ncha, na gogo lililochimbiwa mchangani
mbele ya omo. Mizunguko miwili, akasema,
na usijizungushie mkononi:
mkono uliofungwa kamba si mkono tena, ni nanga.
Usishindane na uzito. Bishana nao polepole.

Tezini matairi mawili, na panda ya mwarobaini
ya kuupokea. Watoto wakafukuzwa.
Mama mwenye beseni la dagaa akaombwa azunguke;
akazunguka, akitutukana
mpaka kwenye kona ya msikiti, ambako alinyamaza.

Kisha nyundo. Kabari ya nyuma ikatoka kwa pigo la tatu.

Hakuna aliyeniambia kwamba utaanza taratibu hivyo,
kama mgonjwa anayejigeuza kitandani.
Halafu uzito wote ukaja kwenye viganja vyangu,
gogo likalia, kamba ikapiga moshi mwembamba,
na Sikudhani: "Achia. Shika. Achia. Shika,"
sauti ileile ya kuuza vitunguu,
hata mlingoti ulipoyumba kushoto,
hata Pazi alipoita mamaye.

Kondo aliulaza peke yake mwaka juzi,
kamba kiunoni, sigara mdomoni.
Ukavunja mashua ya jirani. Akacheka siku mbili.
Na aliyemuua hakuwa huu,
wala bahari, ambayo kila mtu aliitaja matangani
kabla ya kuuliza.
Ni pikipiki, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, Moroko,
taa ikiwa ya kwake.

Ukalala. Panda ikaitika, basi.

Kile kilichokuwa mbinguni sasa kiko magotini pangu:
kapi lenye kutu, kinyesi cha kunguru,
uzi wa tiara ya mtoto wa mtu,
na henza imefungwa kwa fundo nisiloweza kulikosea,
baya, la mtu mwenye haraka, limepita pasipopita,
limeingia kwenye gurudumu la kapi, likaliziba.
Miezi saba ya kilio ilikuwa hii.

"Mjinga," nikasema. Sikudhani akacheka, mimi pia.
Pazi akatoa kisu.

Ngoja, nikamwambia.

Nikaketi juu ya tairi na msumari wa inchi nne.
Kitanzi kimoja kikalegea, kingine kikakaza.
Kisu kikarudi mfukoni bila mtu kuuliza.
Sikudhani akalala chini kukagua mguu wa mlingoti,
akibonyeza kwa kidole gumba palipooza,
akisema vipimo peke yake.
Maji yakaanza kurudi kupitia mwani.

Pazi akaenda kununua chapati.
Nilimwambia alete tatu.
Akaleta nne.