Pini Saba, Matundu Kumi na Matano

Turfena Agutu aliileta ndani ya karatasi ya unga,
mtutu ukichungulia, rangi ya chungwa bivu.
"Posta wamenifungulisha mara mbili," alisema.
"Askari wa mlangoni akaishika kwa vidole viwili
kama mtu aliyeokota panya.
Haya. Kijana wangu ameituma toka Leeds. Plagi imekataa."

Imekataa kweli. Ya Ulaya ina pini saba.
Mashine yake, nakala ya ile ya Wajapani,
iliyonunuliwa dukani kwa Wahindi mwaka wa Elnino,
ina matundu kumi na matano, safu mbili,
kinywa cha mamba aliyezeeka.
Ndugu wa tumbo moja, hawa, na hawasalimiani.

Meza yangu iko Kibuye, nyuma ya wauza vitasa,
na Jumapili soko likifurika
hulehemu huku nimebana viwiko.
Nikakata waya shingoni. Nikamenya.
Ndani, nyuzi nne tu:
wa ardhi, wa moto,
wa jicho, wa kidole.
Ardhi nikaipeleka tundu la kwanza, moto la mwisho,
kidole la nne, jicho la tano.
Nikapitisha mita. Ikalia.

Mama akainama. "Na risasi zinakaa wapi?"

Nikamwonyesha waya wa risasi, mwembamba kama tambi.
Pasi ilipougusa, tone moja liling'aa,
likalala juu ya shaba, likapoa.
"Ndizo hizi. Bunduki nzima ina nne."

Sikumweleza vyema, nilikuwa na foleni.
Ningemwambia: mama, hii haitemi kitu.
Mtutu huu ni kibogoyo, una jicho kooni.
Ukibana, kioo kizima kinazimika,
giza la kupepesa kope,
kisha pale alipokuwa ndege, pale tu,
panabaki mraba mweupe.
Jicho likiuona, umepata.
Yaani ndege ndiye anayempiga mwindaji,
na mwindaji hajui, anashangilia.

Tulijaribu kwenye runinga yangu ya kichogo,
Great Wall ya inchi kumi na nne,
kwa sababu zile bapa za siku hizi
bunduki hii haizioni, ungefyatua hadi Krismasi.
Visubi walikuwa wametoka ziwani kama moshi
wakatapakaa kiooni, wenda wazimu wa mwanga.
Nikawapangusa kwa kiganja. Wakarudi.
Bata wa kwanza akapita zake. Wa pili pia.
Mama akavua miwani, akaifuta kwa leso,
akaivaa, akashusha bega moja,
na huyu niliyekuwa nikimwonea huruma
akaangusha tisa mfululizo.
Mkono haukutikisika.
"Nilikuwa nikimshinda kila siku," alisema.
"Alikuwa akilia. Nilimwambia, lia, kisha lenga."

Simu ikaita. Kijana mwenyewe: ndevu, koti zito,
dirisha la mvua nyuma yake.
Mama akamwelekezea mtutu puani,
akafyatua. Tak.
Hakuna kitu. Mwanga wa simu si wa ukoo wake.

"Umenikosa, mama!" kijana akacheka.
"Nimekukosa," akajibu,
na sikujua ni kukosa kupi,
wala sidhani kijana alijua,
maana kicheko kilikatika,
au ni mtandao.

Nikamalizia kufunga kiungo kwa utepe mweusi.
Akauliza bei. Nikasema mia tatu.
Akatoa mia mbili hamsini, ndiyo Kibuye,
akaifunga tena kwa karatasi ile ile ya unga
akapotea katikati ya vitasa,
mtutu ukichungulia kwapani,
ukiniangalia.