Mgeni wa Chupani

Nilimnunua Ngara, ghorofa ya pili,
duka lisilo na jina ila mshale uliochorwa ukutani.
Mwenye duka alimtoa kabatini kwa mikono miwili
kama anayebeba mtoto aliyelala:
mzizi wa jinsengi, mzima, ndani ya asali,
kichwa, mabega, miguu iliyopishana,
ndevu zinaelea.
"Miaka sita ardhini," akasema. "Huyu si karoti."
Nikalipa nusu ya kodi ya nyumba.

Baba alimweka dirishani, Kaloleni, kando ya redio.
Akamzungusha kwenye mwanga, akacheka:
"Kumbe ni mukombero, ila huyu amesomea ng'ambo."
Alikulia Butere, mukombero mfukoni mwa kaptula,
akiutafuna njia nzima ya shule.
Sasa meno yamebaki tisa.
Asali haidai meno.

Kijiko alfajiri. Kijiko jioni.
Wiki ya pili alivuka daraja la Barabara ya Jogoo
bila kupumzika, akanipigia simu akiwa juu kabisa,
magari yakinguruma chini yake, ili nisikie tu
kwamba hahemi.
Wiki ya tatu alipaka kiti rangi.
Nami nikaenda kazini shingo juu,
binti aliyemnunulia babake pumzi.

Kisha Alhamisi ya kliniki, benchi la bluu.
Kila mwezi humtoboa kidole
wapime damu inachukua muda gani kuganda,
maana mwaka juzi donge lilipanda kutoka mguuni
likaziba pafu, na tangu hapo
kidonge cha waridi ndicho askari wake, saa mbili usiku.
Sista Kerubo alitazama namba. Akaitazama tena.
"Mzee, damu imerudi kuwa nzito. Unaruka dawa?"
"Siruki hata stima ikipotea."
"Unakula nini kingine?"
Baba akanitazama.
Mimi nikatazama sakafu.
"Asali," nikasema.
Halafu nikasema yote.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Alichukua kalamu nyekundu. "Herufi zake?"
Nikamtajia moja moja, kama shahidi.
"Huenda ni yeye, huenda si yeye.
Lakini hao wawili tusiwakutanishe tena."

Njiani baba hakusema kitu mpaka Burma, penye harufu ya nyama.
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akaanza.
"Sisi tulimpa.
Akalima shamba la mwenzake."

Nilishika chupa nikammwage. Akaizuia kwa kiganja.
"Mwache akae. Ametoka mbali."

Yuko pale bado. Saa kumi jua humpitia,
asali inawaka, na ukutani husimama kivuli
cha mtu mdogo mwenye ndevu.
Ikifika saa mbili, baba huchota maji,
hutoa kidonge cha waridi,
na kabla ya kumeza
humgeuza mgeni uso dirishani,
kwa adabu tu,
asione mwenzake akiitwa kazini.